Mkono umekonda, ndo misuli imekufa? Majibu ya maswali yenu

Mwezi huu nimechagua maswali yanayokaribiana maana yamekuja mengi toka hapa Tanga, Makorora, Pongwe, Duga, mpaka Pangani huko, na karibu yote yanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mtu kaumia au kalala muda mrefu, mkono au mguu umekonda, alafu keshaambiwa misuli imekufa na hakuna la kufanya tena. Mi kazi yangu ni fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, watu wa namna hii ndo ninaoshinda nao kila siku, na hiyo kauli inaniumiza kwa sababu inawaweka watu nyumbani miezi ileile ambayo ndo ilikuwa ya kuhangaika. Kwahiyo leo nitajibu kwa kirefu pale panapohitaji, mnivumilie.

Shikamoo dokta. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda, alipata ajali barabara ya Muheza, huu ni mwezi wa nne. Mkono wa kulia umelala wote toka begani, hausogei hata kidole, na bega limekonda mpaka mfupa unaonekana. Mzee mmoja jirani yetu anasema misuli ikishakufa imekufa, tusimalize hela kwa nauli, bora azoee mkono wa kushoto. Mama amekata tamaa. Je ni kweli seli zimekufa? Na kama zimekufa mazoezi ya nini? – Dada mtu, Makorora

Marahaba dada, pole sana, na mama mfikishie pole yangu. Nianze na jibu lenyewe: miezi minne baada ya ajali misuli ya mkono wa mdogo wako haijafa. Imesinyaa, tena imesinyaa sana, ila ni mizima, na kinachonitisha mimi hapo ni huo mwezi wa nne unaoishia mkiwa nyumbani.

Kilichoumia kiko shingoni. Mtu akirushwa na pikipiki akaangukia bega, kichwa kinaenda huku bega linaenda kule, na lile fungu la mishipa ya fahamu, yaani neva, linalotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mkononi linavutika, linachanika, au mizizi yake inang'oka kabisa. Msuli wenyewe haukuguswa. Lakini msuli usiopata amri kutoka kwenye neva unaanza kujipunguza wenyewe, na haungoji, ndani ya siku chache tu uzi wa msuli, yaani seli moja ya msuli, unawasha jeni ambazo siku zote zilikuwa zimetulia, mbili kati ya hizo zinaitwa atrojini-1 na MuRF1, zilitangazwa mwaka 2001, na kazi yake ni kuzibandika proteini za msuli alama inayoitwa ubikwitini, proteini yoyote yenye hiyo alama inapelekwa kwenye mtambo mdogo wa ndani ya seli, proteasomu, inakatwakatwa. Waliogundua huo mfumo wa alama, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa Nobel ya kemia mwaka 2004. Kwahiyo unachokiona begani kwa mdogo wako ni proteini zimeondolewa na nyuzi zimekuwa nyembamba. Nyuzi zenyewe bado zipo.

Na uzi wa msuli una maajabu yake. Seli nyingi za mwili zina kiini kimoja, humo ndo yamo maagizo yote ya kutengeneza proteini. Uzi wa msuli ni mrefu, kuna inayofika sentimita nyingi tu, kwahiyo una viini mamia mpaka maelfu, kila kimoja kinahudumia kipande chake. We ni mtu wa Tanga, fikiria shamba kubwa la mkonge lenye msimamizi kila kitalu. Soko limeanguka, vibarua wamepunguzwa, ukipita unaona shamba limechakaa, lakini kama wasimamizi bado wapo kila mmoja kwenye kitalu chake basi siku soko likirudi kazi inaanza. Ushahidi mzuri tulionao unaonyesha kwamba kwa wiki na miezi ya mwanzo viini vya uzi vinabaki humohumo. Nimeliandika zaidi hilo kwenye swali linalofuata.

Sasa kwanini nasema muda unanitisha. Neva ikianza kuota upya inakwenda kama milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi. Toka shingoni mpaka kwenye msuli wa kukunja kiwiko kwa mtu mzima ni kama sentimita 25 mpaka 30, piga hesabu mwenyewe, inakaribia mwaka. Mpaka kwenye misuli midogo ya kiganja ni miaka 2 na zaidi. Na msuli hauwezi kusubiri bila mwisho, ukishapita mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu bila neva uwezo wake wa kuipokea neva mpya unashuka vibaya, mafuta na nyama ngumu ya kovu vinaingia katikati ya nyuzi, na hapo hata neva ikifika haikuti wa kuongea naye. Ndo maana madaktari wa upasuaji wa neva wanapenda kumwona mtu wa namna hii mapema, na kama kuna upasuaji wa kufanya mara nyingi wanataka uwe kati ya mwezi wa 3 na wa 6 toka kuumia. Nyie mko mwezi wa 4. Mzee wenu alisema kwa nia njema, anawahurumia na nauli, ila ushauri wake mkiufuata ndo utakaoifikisha misuli huko anakosema imeshafika.

Fanyeni hivi. Nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bombo, mseme wazi kwamba mkono mzima umelala toka ajali na mnaomba rufaa ya kuangaliwa neva, iwe taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili au hospitali ya KCMC Moshi. Mwambieni daktari kama kope la jicho la upande uleule limeshuka kidogo au kama mkono una maumivu ya kuunguza yasiyoisha, maana hizo dalili zinaashiria mizizi imeng'oka kwenye uti, na iliyong'oka haioti yenyewe. Hata hapo bado kuna njia, kuna upasuaji wa kuazima nyuzi chache kutoka neva nzima na kuziunga karibu kabisa na msuli uliolala, Mfaransa Christophe Oberlin mwaka 1994 alionyesha namna ya kuchukua nyuzi chache za neva inayokwenda upande wa kidole cha mwisho na kuziunga kwenye neva ya msuli wa kukunja kiwiko, safari ya neva ikawa ya sentimita chache badala ya thelathini. Kwa mdogo wako sijui ipi itawezekana maana wote waliokatika sio sawa, hilo ataamua daktari akishampima.

Na mazoezi? Nitakuwa mkweli, mazoezi hayarudishi nyama kwenye msuli usio na neva. Yanafanya kitu kingine kikubwa: bega, kiwiko na vidole visigande. Nimeona mtu neva imerudi vizuri kabisa lakini vidole vimekakamaa kama ndoano, faida yote ikapotea. Kwahiyo kila siku, mara mbili tatu, we au mama mnyoosheeni kila kiungo taratibu mpaka mwisho wake bila kumuumiza, mkono ukae kwenye kitambaa cha kuning'inizia ili bega lisichomoke kwa uzito, na muwe makini na jiko na chai ya moto kwa sababu mkono usio na hisia unaungua mtu hana habari.

Mimi ni mwanafunzi wa mambo ya afya hapahapa Tanga. Tumefundishwa kwamba msuli usipotumika au neva ikikatika, viini vya nyuzi vinakufa kwa apoptosisi. Mwenzangu ametoa hoja kwamba utafiti wa karibuni unakataa. Mtihani unakuja, nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Tanga mjini

Swali zuri sana na nimefurahi kuona mnabishana juu ya vitu vya maana.

Apoptosisi ni jina lililotolewa mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, kwa kifo cha seli kinachokwenda kwa utaratibu: vimeng'enya vinavyoitwa kaspesi vinaamka, DNA inakatwa vipande vya saizi saizi, seli inajigawa vifurushi vidogo na majirani wanavimeza bila kuvimba wala usaha. Watafiti wa misuli walipochukua vipande vya misuli iliyofungwa au iliyokatwa neva wakavipaka dawa inayong'aa pale DNA ilipokatika, wakaona viini vinavyong'aa ni vingi kuliko kwenye msuli mzima. Hitimisho likaja lenyewe, kwamba uzi umepungua kwa sababu viini vimekufa, kila kiini na eneo lake, kiini kikiondoka na eneo linaondoka. Ilieleweka vizuri na ikaingia vitabuni, ndo hiyo mliyofundishwa.

Shida ni kwamba ndani ya msuli kuna seli nyingi ambazo sio nyuzi. Kuna seli za mishipa midogo ya damu, kuna seli za nyama inayoshikilia nyuzi, na kuna seli shina za msuli zilizoelezwa na Alexander Mauro mwaka 1961 ambazo zinalala ubavuni kabisa mwa uzi, kati ya ngozi ya uzi na gamba lake la nje. Kwenye kipande kilichokatwa chembamba, ukiona kiini kinang'aa pembeni mwa uzi, utasemaje kama ni cha ndani au cha jirani aliyejibanza hapo?

Mwaka 2008 Jo Bruusgaard na Kristian Gundersen wa Oslo, Norway, wakaamua kuangalia tofauti, wakaviwekea rangi viini vya nyuzi za panya walio hai, wakavipiga picha, alafu wakarudi kwenye uzi uleule siku baada ya siku mpaka siku ya 28. Misuli mingine waliikata neva, mingine walizuia tu umeme wa neva usifike, mingine waliiondolea uzito wa kubeba. Nyuzi zikapungua unene kwa zaidi ya nusu. Viini havikupungua. Wakafanya na kile kipimo cha zamani cha DNA iliyokatika, wakapata viini vinavyong'aa vingi kama wenzao, ila safari hii walipaka pia rangi ya kuonyesha mpaka wa uzi, na karibu vyote vilivyokuwa vinakufa vilikuwa nje, vya seli shina na seli za pembeni. Kwahiyo kifo kipo kweli, wenzetu wa zamani hawakuona mauzauza, wanaokufa ndo sio wale waliodhaniwa.

Mwaka 2010 kundi hilohilo la Oslo likaongeza jambo ambalo mi nalipenda sana: panya wakibebeshwa kazi nzito nyuzi zao zinaongeza viini kabla hata hazijanenepa, na baadaye neva ikikatwa na nyuzi zikakonda vile viini vya ziada vinabaki. Hiyo inatupa sababu moja nzuri kwanini mtu aliyewahi kuwa na misuli anairudisha upesi kuliko anayeanza.

Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba mjadala umefungwa. Zipo maabara zinazoendelea kuona viini vikipungua kwenye baadhi ya misuli na baadhi ya hali, na siku 28 za panya haziwezi kujibia miezi na miaka. Neva ikikaa imekatika muda mrefu sana nyuzi nyingine zinakufa kweli, na Andrei Borisov na Bruce Carlson wa Michigan mwaka 2000 walieleza kwamba kifo hicho kwa panya hakifanani sawasawa na apoptosisi ya vitabuni. Alafu kuna jambo linawachanganya wengi, kaspesi kuonekana zimeamka ndani ya uzi sio ushahidi kwamba uzi unakufa, kaspesi-3 inaweza ikawa imeamka kwa ajili ya kukata proteini za kukaza msuli ili zipate kuingia kwenye mtambo wa kusaga, uzi ukabaki hai na viini vyake vyote. Mi nasimama upande wa Oslo kwa habari ya wiki na miezi ya mwanzo, na kwa hali ya muda mrefu naamini vifo vipo. Mwalimu wako mheshimu, eleza alichofundisha, alafu weka ushahidi wa 2008 na useme umetoka kwa panya. Mtahini mwenye haki atakupa alama.

Dokta nisaidie. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa na homa, akachomwa sindano ya tako kituo kimoja cha afya, kesho yake akaamka anaburuta mguu, unyayo unaning'inia. Sasa zimepita wiki tatu, muundi umeanza kukonda. Bibi yake anasema ni upepo mbaya, wengine wanasema polio. – Mama mtu, Pongwe

Pole sana mama. Kwa ulivyoeleza, mguu kuanguka muda mfupi baada ya sindano ya tako, cha kwanza ninachofikiria ni neva kubwa ya nyuma ya paja. Inapita palepale takoni, mtoto mdogo mwembamba hana nyama ya kuikinga, sindano ikiigusa au dawa ikimwagwa karibu nayo inaumia, na misuli ya mbele ya muundi inayonyanyua unyayo ndo inayolala. Kukonda unakokuona ni kulekule nilikoeleza hapo juu, msuli umekosa amri.

Lakini kabla ya yote, mpeleke mtoto hospitali leo au kesho na useme ghafla mguu umelegea. Mtoto yeyote chini ya miaka 15 mwenye kiungo kilicholegea ghafla inatakiwa atolewe taarifa na apimwe choo mara mbili ili polio iondolewe kwenye mawazo, choo hicho kinatakiwa kichukuliwe ndani ya siku 14 toka kulegea, mmeshapitisha ila bado taarifa itolewe. Usiogope kwamba utamchongea mtu wa kituo. Unamsaidia mwanao na watoto wa jirani.

Daktari Mwingereza Herbert Seddon mwaka 1943 aliyagawa majeraha ya neva mafungu matatu na mpaka leo tunayatumia. Kuna neva iliyoshtuka tu, nyaya zake nzima, hiyo inarudi ndani ya siku, wiki, au miezi michache. Kuna ambayo nyaya za ndani zimekatika lakini mfereji wake umebaki, hiyo inaota kwa ule mwendo wa milimita moja kwa siku, na mtoto ana bahati kwa sababu mguu wake ni mfupi. Na kuna iliyokatika yote au kubanwa na kovu, hiyo bila daktari wa upasuaji haifiki. Kwa wiki ya tatu hakuna anayeweza kukuapia ni ipi. Kwahiyo apimwe tena na tena, na kama mwezi wa 3 toka sindano ukifika hakuna dalili yoyote ya unyayo kunyanyuka mdai rufaa.

Wakati mnasubiri, unyayo usiachwe ukaning'inia usiku kucha maana kano ya kisigino inafupika, na kano ikishafupika hata neva ikipona mtoto atatembelea vidole. Kuna kifaa cha plastiki cha kushikilia unyayo, mafundi wa viungo bandia wanakitengeneza, uliza hospitalini, na mpaka kipatikane mnyooshee unyayo kwa mkono wako kila unapombadilisha nguo. Akivaa, kagua ngozi kila jioni. Msimkande kwa maji ya moto wala kumchua kwa nguvu. Na sindano ya tako kwake basi tena, mtoto wa umri huo kama lazima achomwe kwenye msuli ni pajani upande wa nje, waambie kwa upole lakini uwe imara.

Nimefunguliwa hogo baada ya wiki sita, paja limekuwa kama la mtoto, naogopa hata kuvaa kaptula. Litarudi? – Kijana, Chumbageni

Litarudi kijana, wewe neva yako ni nzima, ni uvivu wa lazima tu uliokukondesha. Vijana wenye afya waliofungwa mguu mmoja kwa majaribio walipoteza kama asilimia 3.5 ya msuli wa mbele wa paja kwa siku 5 tu na kama 8 kwa siku 14, nguvu zikashuka zaidi, karibu robo kwa hizo siku 14. Sasa wewe wiki sita. Kama daktari kakuruhusu kukanyaga, anza na kukaza paja ukiwa umenyoosha goti, kaza hesabu mpaka tano achia, rudia mpaka lichoke, alafu kunyanyuka kwenye kiti bila kushika, alafu baiskeli, na baiskeli Tanga hatujakosa. Kurudi kunachukua muda mrefu kuliko uliokaa na hogo, usijipime kila asubuhi.

Bibi yetu ana miaka 78, alitoka hospitali kwa kichomi, kapona, lakini sasa wiki ya pili tunamlisha kitandani na kumbeba mpaka chooni, hatutaki achoke. Miguu imekuwa vijiti. Tumpe dawa gani ya misuli? – Mjukuu, Duga

Mwanangu, mnampenda bibi na inaonekana, ndo maana nitasema bila kuzunguka: mnyanyueni. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya zao, hawakuwa wagonjwa hata kidogo, waliolazwa kitandani siku 10, na kwenye miguu pekee wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama. Sasa bibi yenu alikuwa na kichomi juu yake, na mwili wenye maambukizi unakula misuli mara mbili, kwa kulala na kwa ugonjwa. Mtu wa miaka 25 anairudisha, wa miaka 78 anairudisha nusunusu na kwa tabu, na anayeshindwa kusimama ndo anayeanguka akavunjika nyonga.

Dawa ya misuli ya kumpa hakuna, msinunue. Leo akae kwenye kiti wakati wa kula, miguu chini. Kesho asimame akiwa ameshika meza, mmoja amkae ubavuni, hata mara tatu nne tu. Keshokutwa aende chooni kwa miguu yake huku mmemshika, polepole, hata kama ni safari ya robo saa. Akipata kizunguzungu akae, mjaribu tena baadaye. Na chakula, wazee wengi wanapewa uji na chai tu kwa sababu ni laini, hapo hakuna kitu cha kujenga, mpeni samaki aliyechambuliwa, dagaa waliosagwa kwenye uji, mayai, maziwa ya mgando, kunde zilizopondwa, kila mlo kiwemo kimoja kati ya hivyo. Kama ana ugonjwa wa figo muulizeni daktari kwanza kiasi chake.

Kuna mashine ndogo ya umeme nimeona inauzwa, unabandika mkononi inatetemesha misuli. Nina mkono uliolala baada ya neva kukatwa na kioo. Ninunue? – Msomaji, Ngamiani

Usinunue hiyo. Nitakueleza sababu kwa sababu watu wengi wanatoa pesa nyingi hapo. Mashine nyingi za kawaida hazigusi msuli moja kwa moja, zinaishtua neva, na neva ndo inaukaza msuli, mpigo wake wa umeme ni mfupi, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwako neva imekatika, kwahiyo hakuna wa kushtuliwa, utasikia labda kuwasha kwa ngozi kwenye sehemu yenye hisia basi. Msuli usio na neva unahitaji mpigo mrefu mara mia na zaidi ya huo. Ipo kazi kubwa imefanyika Vienna na Padua, Helmut Kern na Ugo Carraro na wenzao, kwa watu ambao miguu ilikatikiwa na neva kabisa kwa kuumia mwisho wa uti, walitumia mipigo mirefu ya sehemu 120 mpaka 150 za elfu ya sekunde, nyumbani kwao, kwa miaka, na misuli iliyokuwa imeanza kugeuka mafuta ikanenepa, wengine wakaweza kusimama wakati mashine imewashwa. Inatia moyo sana na inathibitisha kwamba nyuzi zinaweza kukaa hai muda mrefu kuliko tulivyodhani. Lakini zile ni mashine maalumu zenye nguvu, ukizikosea kwenye ngozi isiyo na hisia unaungua mpaka nyama, sio za kuuziwa barabarani.

Hela hiyo iwe nauli. Jeraha la kioo ni jeraha safi, neva iliyokatwa safi inashonwa, na mapema ndo vizuri. Hujasema ni lini uliumia, kama ni ndani ya miezi 6 naomba uende wiki hii.

Mimi ni fundi cherehani, mkono wa kushoto pale kati ya gumba na kidole cha shahada nyama imebonyea, vidole viwili vya mwisho vinaanza kujikunja na sindano ikinichoma pale siisikii. Ni uchovu wa kazi? – Fundi, Pangani

Fundi, hilo usilipeleke kwenye uchovu. Nyama ya hapo, na nguvu ya kunyoosha vile vidole viwili, vinaletewa amri na neva moja inayopita nyuma ya kiwiko, ile ukijigonga unasikia shoti. Inaweza kuwa imebanwa kiwikoni, kwa mfano kwa kuegemea meza ya cherehani miaka mingi, au ina tatizo shingoni. Lakini kwa kuwa hisia imepotea kiasi cha kutosikia sindano, nakuomba ujikague mwili mzima, mgongoni umwombe mwenzako, kama kuna baka lililopauka au jekundu lisilosikia ukiligusa kwa unyoya. Likiwepo, au neva ya kiwiko ikiwa imenenepa kama kamba, nenda ukapimwe ukoma.

Najua neno hilo linatisha watu. Ukoma unatibika, vidonge vyake vinatolewa bure dunia nzima toka mwaka 1995, ni miezi 6 kwa aina moja na 12 kwa nyingine, na ukishaanza dawa muda mfupi tu huambukizi tena. Lakini vidonge vinaua vijidudu, neva iliyokwishaumia ina dawa yake nyingine. Kama hisia au nguvu zimepotea ndani ya miezi 6 iliyopita daktari anaweza kukupa prednisoloni ya kutuliza uvimbe ndani ya neva, na watu wengi nguvu zinarudi kiasi. Ikizidi miezi hiyo nafasi inapungua sana. Kwahiyo siku ukienda mwambie tarehe unayokumbuka uliacha kuisikia sindano, hata kama ni kwa kukadiria, na uwachukue wa nyumbani kwako nao wakaguliwe ngozi siku hiyohiyo.